Nyota njema huonekana asubuhi? Waulize watu wa Baltimore

Kila mwaka Machi inapokaribia kwisha, mimi hurudia tabia ambayo marafiki zangu wengi hapa Nairobi hawaielewi kabisa: nafuatilia besiboli ya Marekani. Si kwamba naitazama sana. Mechi inayoanza saa moja jioni kule New York, huku kwetu ni saa nane usiku, na asubuhi kazi inaningoja. Mimi husoma matokeo asubuhi nikinywa chai. Na kusema kweli kinachonivuta ni hesabu zake kuliko mchezo wenyewe. Takwimu za besiboli zimekuwa zikiandikwa kwa zaidi ya miaka 150, na kwa mtu anayekula jasho la kuandika programu, hiyo ni karamu!

Leo nataka tuzungumzie wiki tatu nne za mwanzo wa msimu. Ndizo wiki ambazo watu husema maneno mengi kuliko wakati mwingine wowote, na ndizo wiki ambazo namba huwa hazijasema kitu. Wahenga wetu walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Nawaheshimu wahenga, lakini nadhani hawakuwahi kufuatilia besiboli mwezi Aprili.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Kila timu ina wachezaji tisa uwanjani. Mtupaji anarusha mpira, mpigaji wa timu pinzani anajaribu kuupiga kwa gongo, na akifaulu anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi salama alipoanzia, timu yake imepata bao. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, anazunguka vituo vyote bila kuguswa na mtu, na hiyo huitwa hom-rani. Mkuu wa benchi, ambaye sisi tungemwita kocha, wao humwita meneja.

Sasa shika namba moja tu: 162. Hizo ndizo mechi ambazo kila timu hupangiwa katika msimu mmoja, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanacheza karibu kila siku kwa miezi sita. Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo sote tunaijua, ina mechi 38. Kwa hiyo mechi 6 za besiboli ni asilimia 3.7 ya msimu. Ukizipima kwa kipimo cha kandanda, unapata mechi moja na dakika kama 37 za mechi ya pili. Yaani hata mapumziko hayajafika.

Weka hesabu hiyo akilini, kisha twende Baltimore, mwaka 1988.

Mechi sita

Timu ya Baltimore Orioles ilianza msimu huo nyumbani tarehe 4 Aprili dhidi ya Milwaukee Brewers, ikafungwa 12-0. Meneja alikuwa Cal Ripken Sr., mtu ambaye maisha yake yote ya kazi yalikuwa ndani ya klabu hiyo. Alijiunga nayo mwaka 1957 akiwa mchezaji wa timu ndogo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine kwa miaka 30, hadi alipopewa umeneja kwa msimu wa 1987. Wanawe wawili, Cal Jr. na Billy, walikuwa wachezaji wake. Hakuna baba aliyewahi kuwaongoza wana wawili kwa pamoja katika ligi hiyo kabla yake.

Timu ilipoteza mechi ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita. Tarehe 12 Aprili, siku nane tu baada ya msimu kuanza, Ripken Sr. akafutwa kazi. Wanawe walibaki kikosini, wakaendelea kuvaa jezi ya klabu iliyomfukuza baba yao.

Nafasi yake ikachukuliwa na Frank Robinson. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mmoja wa wapigaji wakubwa kuwahi kuichezea Baltimore, na mwaka 1975 kule Cleveland alikuwa Mwamerika Mweusi wa kwanza kuwa meneja katika ligi kuu. Basi mambo yakanyooka? Wapi! Timu ikapoteza ya saba, ya nane, ya tisa... Rekodi ya kuanza msimu vibaya ilikuwa kupoteza mechi 13 mfululizo, iliyowekwa na Washington mwaka 1904 na kufikiwa na Detroit mwaka 1920. Orioles wakaipita na kusonga mbele. Mtangazaji mmoja wa redio ya Baltimore, Bob Rivers, aliapa kutoondoka hewani mpaka timu ishinde. Alikaa studioni kwa saa 258. Hata Rais Ronald Reagan alimpigia Robinson simu kumpa pole.

Ushindi wa kwanza ulipatikana tarehe 29 Aprili kule Chicago, 9-0 dhidi ya White Sox. Wakati huo walikuwa wameshapoteza mechi 21. Timu iliporudi nyumbani tarehe 2 Mei, watu 50,402 walijaa uwanjani kuipokea. Watu elfu hamsini kushangilia timu iliyoshinda mechi moja! Napenda sana hadithi hii kwa sababu hiyo peke yake.

Turushe sarafu

Tuje kwenye upande wetu wa tarakilishi. Swali ni hili: mechi sita za kwanza zilisema nini hasa kuhusu meneja yule?

Tuseme tuna ligi ya timu 30, idadi iliyopo tangu mwaka 1998, na timu zote ni sawa kabisa kwa uwezo. Hakuna nzuri wala mbaya, kila mechi ni kurusha sarafu. Programu ya kuiga ligi kama hiyo haizidi mistari ishirini, na anayejifunza Python anaweza kuifanya kama zoezi la jioni moja. Lakini hata bila programu hesabu yake ni rahisi. Kwa mechi 12 kuna njia 4,096 ambazo ushindi na hasara zinaweza kupangana. Kati ya hizo, njia 299 zinaipa timu ushindi wa mechi 9 au zaidi. Hiyo ni asilimia 7.3. Zidisha kwa timu 30 upate timu mbili hivi.

Maana yake ni kwamba katika ligi ambayo timu zote ni sawa, baada ya wiki mbili utakuta timu kama mbili zimeshinda 9 na kupoteza 3 au bora zaidi ya hapo, na nyingine kama mbili zimefanya kinyume chake. Magazeti yatazipamba zile za juu. Wachambuzi wataeleza siri ya mafanikio yao: nidhamu, ari, meneja mpya anayejua kuzungumza na vijana. Wa chini wataambiwa wamekosa uongozi. Na kumbe ni sarafu tu!

Je, kupoteza sita za kwanza? Kwa timu ya sarafu, uwezekano ni 1 kati ya 64. Kwa timu 30, utegemee kuona mkosi huo karibu kila baada ya miaka miwili, bila mtu yeyote kukosea kitu.

Lakini tusiwe kama mawakili wa upande mmoja. Orioles ya 1988 haikuwa timu ya sarafu, ilikuwa dhaifu kweli. Ilimaliza na ushindi 54 na hasara 107, yaani ilishinda kama mechi 34 katika kila 100. Timu ya uwezo huo ina uwezekano wa karibu 1 kati ya 12 wa kupoteza sita za kwanza, jambo la kawaida kabisa. Kupoteza 21 mfululizo ni kitu kingine. Kwa timu ya sarafu ni mara 1 katika zaidi ya milioni 2, na hata kwa timu dhaifu kama ile ni kama mara 1 katika 5,300. Kwa hiyo ile 21 ilikuwa udhaifu na mkosi vikichanganyika. Hapo angalau namba zilikuwa zimeanza kuongea.

Na udhaifu wenyewe haukuhitaji mechi sita ili ujulikane. Mwaka 1987 timu hiyo hiyo ilikuwa imepoteza mechi 95. Mtu aliyetaka ushahidi alikuwa nao tayari, wa msimu mzima. Zile sita za Aprili ziliongeza kijiko kimoja cha maji kwenye pipa lililokwisha jaa.

Akiba haiozi

Hapa naomba tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kile ambacho mechi za mwanzo zinatuambia kuhusu ubora wa timu. Tumeona ni kidogo. La pili ni kile ambacho mechi hizo zinaongeza kwenye jedwali. Hicho si kidogo hata chembe: ushindi wa Aprili unahesabiwa sawasawa na ushindi wa Septemba. Haba na haba hujaza kibaba.

Mfano mzuri ni Detroit Tigers ya 1984. Walishinda mechi tisa za kwanza, na baada ya mechi 40 walikuwa na ushindi 35 na hasara 5. Mwisho wa msimu walikuwa 104 kwa 58, wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga San Diego Padres katika mechi tano. Lakini ondoa zile 40 za kwanza, uone kilichobaki: 69 kwa 53. Hiyo ni timu nzuri, si timu ya ajabu. Kasi ya Aprili haikudumu, ila akiba waliyoiweka haikuibwa na mtu.

Milwaukee Brewers ya 1987 ilishinda 13 za kwanza bila kupoteza hata moja. Mwezi wa Mei ikapoteza 12 mfululizo. Ilimaliza 91 kwa 71, ikiwa ya tatu katika kundi lake, na hatua ya mtoano ikaitazama kwenye runinga. Baada ya zile 13, msimu wao uliobaki ulikuwa 78 kwa 71, yaani karibu sarafu tupu.

Upande wa pili kuna New York Yankees ya 1998. Walishinda moja tu kati ya tano za kwanza. Meneja wao Joe Torre akaachwa aendelee na kazi yake. Walimaliza na ushindi 114, kisha wakabeba ubingwa bila kupoteza mechi hata moja katika fainali. Hebu fikiria kama mtu angeamua kwa ile 1 kwa 4.

Mtu mmoja, gongo moja

Kwa mchezaji mmoja mmoja mambo huwa matamu zaidi. Tarehe 4 Aprili 1994, siku ya ufunguzi kule Chicago, kijana wa Cubs aitwaye Tuffy Rhodes alipiga hom-rani katika zamu zake tatu za kwanza, zote dhidi ya Dwight Gooden, mtupaji aliyekuwa na jina kubwa. Ukipiga hesabu ya kasi ile kwa mechi zote 162 unapata hom-rani 486! Mwaka huo wote alipata 8. (Msimhurumie mno: baadaye alihamia Japani akawa nyota, na mwaka 2001 alipiga 55 katika msimu mmoja, sawa na rekodi ya Sadaharu Oh iliyokuwepo wakati huo.)

Mwaka 2006 Chris Shelton wa Detroit alipiga hom-rani 9 katika mechi 13. Kufika mwisho wa Julai alikuwa amerudishwa timu ndogo. Lakini mwaka 2016 Trevor Story wa Colorado alipiga 7 katika mechi zake sita za kwanza kabisa katika ligi, na yeye kweli akawa mchezaji mkubwa. Ukisimama katikati ya Aprili, huwezi kujua kwa namba hizo peke yake ni nani Shelton na ni nani Story.

Kuna mfano mmoja unaotugusa sisi Waafrika. Tarehe 26 Aprili 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani na Pittsburgh Pirates, akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika katika ligi hiyo. Zamu yake ya kwanza akaupiga mpira na kufika kituo cha kwanza salama. Kwa dakika chache wastani wake ulikuwa asilimia 100! Mwisho wa mwaka, baada ya mechi 28, ulikuwa asilimia 22.2. Namba zote mbili ni za kweli. Ila ile ya kwanza ilitokana na jaribio moja, na heshima yake ilikuwa ya kihistoria, haikuwa ya kitakwimu.

Waya, redio, intaneti

Nimetaja kwamba Rais Reagan alipiga simu Baltimore. Huenda alikuwa na sababu ya moyoni. Miaka ya 1930, kabla hajawa mwigizaji, alikuwa mtangazaji wa redio ya WHO kule Des Moines, Iowa, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kutangaza mechi za Chicago Cubs ambazo hakuziona! Matokeo ya kila mpira yalimfikia kwa telegrafu, kwa ufupisho wa maneno machache, naye akayageuza kuwa simulizi kamili. Alipenda kusimulia siku ambayo waya ulikatika katikati ya mechi. Hakutaka wasikilizaji wahame, kwa hiyo akambuni mpigaji anayepiga mipira inayotoka nje ya mstari, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kikanuni mipira ya namna hiyo haimalizi zamu. Akaendelea hivyo kwa dakika kadhaa hadi waya uliporudi.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hiyo. Data zimekatika, mtumiaji anangoja, na kuna kishawishi cha kujaza pengo kwa hadithi.

Tangu wakati huo waya umekuwa mnene sana. Mwaka 1989 David Smith alianzisha Retrosheet, kundi la watu wa kujitolea wanaokusanya kumbukumbu za mechi za zamani, mpira kwa mpira, na kuzigawa bure kama faili za maandishi ya kawaida. Kwa anayejifunza kanzidata sijui mazoezi matamu kuliko hayo. Tarehe 26 Agosti 2002 ligi ilirusha mechi kwa video kupitia intaneti kwa mara ya kwanza, Yankees dhidi ya Texas Rangers. Na kuanzia 2015 viwanja vyote vina mfumo uitwao Statcast, unaopima kasi ya kila mpira unapotoka kwenye gongo na pembe unayoruka.

Hicho cha mwisho ndicho kilicholeta mabadiliko ya maana. Badala ya kuuliza kama mpira uliangukia mahali pazuri, jambo lenye bahati nyingi, unauliza ulipigwa kwa nguvu kiasi gani. Nguvu ya mtu haibadiliki ovyo kama bahati, kwa hiyo hata vipimo vya wiki chache vina ujumbe.

Lakini kasi ya data si wingi wa ushahidi. Tarehe 29 Machi 2025, Yankees waliwapiga Brewers 20-9 kwa hom-rani 9, tatu kati yake zikitoka kwenye mipira mitatu ya kwanza waliyotupiwa. Ikagundulika kwamba baadhi yao walitumia gongo la umbo jipya, nene pale mpira unapogusa zaidi, lililobuniwa na Aaron Leanhardt, aliyesomea fizikia. Ndani ya siku chache kila mtu alilitaka. Na Aaron Judge, aliyepiga hom-rani tatu siku hiyo, alikuwa anatumia gongo lake lile lile la kawaida! Habari ilizunguka dunia kwa saa chache, lakini bado ilikuwa habari ya mechi moja.

Kwa nini nayasema haya

Kwa sababu jambo hili haliko Marekani tu, wala uwanjani tu. Programu mpya inazinduliwa Jumatatu, Alhamisi bosi anaangalia grafu na kuuliza mbona watumiaji hawaji. Kijana anaajiriwa, wiki ya pili tayari ameshapewa jina: hodari au mzembe. Tuna dashibodi zinazojisasisha kila sekunde, nasi tunadhani kuona namba mara nyingi ni sawa na kuwa na namba nyingi. Kabla ya kuamua jambo linalogusa mkate wa mtu, tujiulize kwanza: hii ni asilimia ngapi ya msimu?

Detroit hawakujiuliza. Mwaka 2002 walimfuta meneja Phil Garner baada ya kupoteza mechi sita za kwanza, sita zile zile. Mrithi wake naye akapoteza tano zilizofuata, na timu ikamaliza na hasara 106. Mwaka uliofuata, chini ya meneja mwingine tena, ikapoteza 119.

Na Baltimore? Frank Robinson alianza kwa kupoteza mechi 15 mfululizo, zaidi ya mara mbili ya zile zilizomfukuzisha mwenzake. Hakufutwa. Mwaka 1989, akiwa na vijana wengi wapya kikosini, alishinda mechi 87, akagombea uongozi wa kundi na Toronto hadi siku za mwisho wa msimu, na akachaguliwa meneja bora wa mwaka wa ligi yake, American League. Tofauti kati ya 0 kwa 15 na tuzo hiyo ilikuwa muda.

Cal Ripken Sr. alirudi klabuni mwaka huo huo wa 1989 akiwa kocha msaidizi, akisimama karibu na kituo cha tatu kuwaelekeza wakimbiaji, hadi 1992. Umeneja hakupewa tena. Kama angefanya vizuri au vibaya, hesabu haiwezi kutuambia, maana mechi sita haziwezi kutuambia.

Haya, kwa leo niishie hapo. Msimu ukianza tena na ukaona timu fulani imeshinda nane kati ya tisa, furahi nayo, akiba ni akiba. Ila usikimbilie kuwaambia majirani kwamba umeiona nyota.